Sawia, Nchi ya Hewa ya Wastani

Jinsi nilivyofika Sawia haina maneno mengi. Nilitoka nyumbani, nikachoka njiani, nikafika. Ya kuandikwa ni yale niliyoyaona huko ndani ya mwezi mmoja wa kiangazi, ule wenye siku thelathini na moja, ambao wenyewe wanauita Mwezi wa Jua. Nitayaeleza kama yalivyokuwa bila kuyatia chumvi, kwa sababu yalikuwa nayo ya kutosha.

Nilipokewa na Bi Rehani, mwanamke wa makamo, mfinyanzi wa vyungu, mjane kama mimi. Nilipobisha hodi alitoa kichwa mlangoni akaniuliza:

"Hewa?"

Nikamjibu kwamba jua ni kali mno, limenichoma mpaka utosini. Mwanamke yule aliruka, akaniziba mdomo kwa kiganja chenye udongo.

"Mama Mgeni, usiseme hivyo uani! Sema 'bado haijatoka'."

"Nini haijatoka? Jua limetoka tangu asubuhi."

"Hewa. Hewa ya mwezi haijatoka. Ingia ndani kwanza."

Ndani akanieleza. Sawia ina Idara ya Hewa, nayo inahesabu joto, baridi, upepo na mvua za mwezi mzima. Siku ya mwisho inajumlisha vyote, inagawanya kwa idadi ya siku, na jibu linalopatikana ndilo hewa ya kila siku ya mwezi ule. Kabla ya hapo mtu haruhusiwi kusema kuna joto wala baridi. Anayesema leo ni joto anahesabiwa amezisingizia siku nyingine thelathini ambazo hazijapata nafasi ya kujitetea. Kosa hilo wanaliita kudokoa taarifa.

Wastani niliusoma darasa la sita na sikuuchukia. Lakini mwalimu wetu alitufundisha kuujumlishia maembe, hakutuambia tuuvae. Watu wa Sawia wanauvaa. Kwa kuwa asubuhi pale ni baridi ya milimani na mchana ni tanuri, kila mtu, kuanzia waziri hadi mchunga mbuzi, anashinda na sweta lenye mkono mmoja. Asubuhi mkono mmoja unatetemeka, mchana mwingine unatoka jasho, na kwa wastani mtu yuko sawa. Chai wanaichemsha vizuri kabisa, kisha wanaizimua kwa maji baridi ya mtungi. Nilipita zahanati nikamkuta mzee ana homa ya kuunguza na mkewe pembeni amepoa mikono na miguu kama samaki wa barafu. Mganga aliwapima wote wawili, akajumlisha, akawaambia familia yao ni nzima, warudi nyumbani.

Taabu yangu ya kwanza ilikuwa sala. Siku ya pili nilitoka uani kutazama jua limefika wapi ili niswali adhuhuri, mara askari wa Idara akanisimamia kichwani.

"Mama, unatazama nini huko juu?"

"Natazama wakati, mwanangu. Niswali."

"Kutazama juu kabla ya mwisho wa mwezi ni kudokoa."

"Mimi sina haja na hewa yenu. Nina haja na Mola wangu."

Alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Akaenda kuuliza wakubwa, akarudi na ruhusa: nisitazame juu, ila naweza kuchomeka fimbo na kutazama kivuli chake, maana ardhi si hewa. Nikamshukuru. Kivuli kilinitosha.

Sasa niwaeleze nyumba yenyewe ilipokuwa, kwa sababu mambo yote yalitoka hapo. Mtaa unaitwa Bondeni, una nyumba arobaini, na zote zimejipanga chini ya lambo, yaani bwawa la kuchimbwa lililozuiwa na ukuta wa udongo. Ukisimama uani kwa Bi Rehani unainua shingo kuuona ukuta ule, kama mtu anayetafuta kitu juu ya kabati. Chumba cha mbele alilala mama yake, Bibi Mwatumu, ambaye miguu yake ilikufa ganzi miaka saba iliyopita. Mdomo ulikuwa mzima.

"Mimi nina haja moja tu," Bi Rehani aliniambia siku ile ya kwanza. "Nimpandishe mama mlimani kabla lambo halijatushukia. Mwaka ule lilimwagika kidogo tu, likachukua banda la kuku na kuku wake. Mama hawezi hata kukimbia mbu."

"Sasa kwa nini usihame?"

"Viwanja vya mlimani inatoa Idara. Na Idara haimhamishi mtu kwa ajili ya hewa mpaka taarifa ya mwezi ionyeshe kwamba hewa haikuwa ya kawaida. Nimeomba mara tano."

"Wakasemaje?"

"Ya kawaida," akajibu Bibi Mwatumu kutoka kitandani. "Mara tano zote. Hata mwaka ule kuku wangu walikufa maji ya kawaida."

Siku kumi za mwanzo jua lilikuwa la kuadhibu. Kuku walitembea wamefungua mabawa na midomo, udongo wa kufinyangia ulipasuka ukiwa bado mikononi, na lambo likashuka mpaka maji yakawa chini ya lango lake la kutolea maji. Kisha ukaja upepo wa siku tatu, umebeba vumbi jekundu, ukatupaka sote rangi moja. Watu walikutana njiani macho yamefumbwa, meno yamejaa mchanga, wakaulizana: "Hewa?" "Bado haijatoka." "Haya, tusubiri."

Upepo ulipotulia, Bi Rehani alivaa sweta lake la mkono mmoja, akanichukua kwenda Idarani kupeleka ombi la sita. Mkuu wa Idara, ambaye cheo chake ni Mlinganishi Mkuu, alikuwa Bwana Tosiri, mtu mrefu kiasi, mnene kiasi na mpole kiasi. Alitukaribisha vizuri. Alituonyesha kipimajoto cha serikali, kimeviringishwa pamba ndani ya kabati lenye kivuli, kisiharibiwe na jua. Akatuonyesha na chombo cha kupimia mvua, kizuri, cha bati linalong'aa, kina kifuniko cha kukaza.

"Kifuniko ni cha nini?" nikauliza.

"Kisiingie maji, mama. Kinashika kutu."

"Na mvua mnaipimaje?"

"Tunatazama ya mwaka jana."

Nilivuta istighfari moja kimoyomoyo, nikakaa. Bi Rehani akaweka karatasi yake mezani.

"Shikamoo, Bwana Mlinganishi."

"Marahaba. Wewe tena? Haya, lambo limefanyaje?"

"Halijafanya kitu. Ndiyo maana nimekuja mapema."

"Unaona!" akafurahi, akaandika. "Halijafanya kitu."

"Na mvua ikija?"

"Mvua ya Mwezi wa Jua ni kikombe kimoja kwa siku. Kikombe, Bi Rehani! Kinamzamisha nani? Hata sisimizi ataoga tu."

"Haiji kikombe kikombe, Bwana. Mwaka ule ilikuja yote siku moja."

"Kwa wastani ilikuja kikombe kikombe."

Nikaona niulize na mimi, kwa adabu. "Bwana Tosiri, umewahi kuona mwezi ambao hewa yake haikuwa ya kawaida?"

Alifikiri kwa haki kabisa, akitazama dari. "Mama Mgeni, hiyo kawaida yenyewe tunaipata kwa kuchanganya miezi yote. Sasa mwezi utajikataaje wenyewe?"

Akagonga muhuri. Ombi la sita likakataliwa, tukapewa chai ya uvuguvugu, tukarudi.

Tarehe kumi na tisa nilitoka na fimbo yangu kutafuta adhuhuri. Fimbo haikuwa na kivuli. Niliizungusha, nikaihamisha, wapi. Sikutazama juu, lakini hata ardhi ilikuwa imegeuka rangi ya masizi, na mbuzi walikuwa wamejibana ukutani bila kuambiwa na mtu.

"Bi Rehani," nikasema, "vyungu vyako viko nje."

"Kuna nini?"

"Kivuli changu kimeondoka."

Alinielewa. Tuliingiza vyungu vitatu tu kati ya arobaini, na mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone. Ilishuka kama mtu aliyechoka kubeba akabwaga mzigo. Njiani watu waliolelewa vizuri walitembea polepole, maji yakiwatiririka masikioni, maana kukimbia mvua ambayo haijatangazwa ni kudokoa. Jirani yetu mmoja aliendelea kuanika kanga zake kambani moja moja, kwa kuwa ndiyo ilikuwa siku yake ya kuanika.

Baada ya saa mbili za mvua ile, tulisikia ukuta wa lambo unatoa sauti ya tumbo lenye njaa. Bi Rehani alimkimbilia mama yake, akaingiza mikono chini ya mabega yake.

"Niache!" Bibi Mwatumu akamkaripia. "Mkinibeba mimi, nyumba thelathini na tisa atazibeba nani? Nenda kwa Kibwana, akafungue lango. Haraka, na huyo mgeni wako asiteleze."

Kibwana alikuwa mlinzi wa lango la lambo, mdogo wa marehemu mume wa Bi Rehani. Tulipanda ukuta kwa mikono na magoti. Tulimkuta ameketi kando ya gurudumu la kuinulia lango, sweta limemganda, na maji ya lambo yamebakiza shubiri moja kufika ukingoni.

"Shemeji, fungua!"

"Nimeshafungua. Kidole kimoja, cha leo."

"Kidole? Kwa maji yote haya?"

"Sheria inasema lango liinuliwe kwa wastani wa kidole kimoja kwa siku. Siku zile za jua sikuinua hata kidogo, maji yalikuwa chini. Leo nimeinua. Nikizidisha nafukuzwa kazi. Nikifukuzwa utanilisha wewe?"

"Na sasa hivi anayekulisha nani? Tangu kaka yako afariki, ugali wa mchana umeula kwa nani?"

Kibwana alitazama maji. "Kwako, shemeji. Ingawa mboga huwa huiungi vizuri."

"Nikifa utaiunga mwenyewe!"

Aliinuka, akashika gurudumu, akaliachia, akalishika tena. Chini yetu paa za Bondeni zilionekana ndogo kama vifuniko vya sufuria, na chini ya mojawapo alikuwa amelala mwanamke asiyeweza kuinuka. Nilisoma dua zote nilizozijua, nikaanza upya.

Hapo ndipo alipofika Bwana Tosiri mwenyewe. Alikuwa amelowa mpaka kwenye nia. Mwavuli alikuwa nao kwapani, umefungwa, kwa sababu Mlinganishi Mkuu akifungua mwavuli kabla ya taarifa atakuwa amewaambia watu hewa.

"Nini makelele haya?"

"Bwana, lambo linapasuka," nikamwambia.

"Tulieni." Maji yalikuwa yanamtoka puani. "Mnaogopa kwa sababu mnadhani mvua hii yote ni ya leo. Si ya leo. Ni ya mwezi mzima, imekusanyika tu. Nikiigawanya, leo inapata fungu moja katika thelathini na moja. Yaliyobaki ni maji ya siku nyingine."

Kibwana akaachia gurudumu kabisa. Mimi nikafumba macho. Lakini Bi Rehani alichezesha midomo kama anayehesabu vyungu vya kuingia tanuri moja.

"Nisije nikakukosea, Bwana," akasema taratibu. "Maji haya ni ya siku thelathini na moja?"

"Ndiyo."

"Na yote yako hapa, leo?"

"Ukitazama kwa macho tu, ndiyo."

"Na lango ni kidole kimoja kwa kila siku ya mwezi?"

"Kwa wastani."

"Basi siku thelathini na moja za maji zimeshafika. Ziletewe siku thelathini na moja za lango."

Bwana Tosiri alifungua mdomo, mvua ikaingia, akaufunga. Alianza kuhesabu vidole vyake, vikaisha. Akahesabu vya Kibwana, vikaisha. Akaniomba vyangu, nikampa mikono yote miwili huku ukuta unaguna chini ya miguu yetu. Vikafika thelathini. Bi Rehani akatoa kimoja chake, akakisimamisha mbele ya pua ya Mlinganishi mpaka macho yake yakakutana.

"Thelathini na moja," akasema Bwana Tosiri. "Hesabu ni sahihi. Lakini siku zilizobaki za mwezi lango lisiguswe!"

"Lisiguswe!" tukaitikia sote watatu.

Kibwana alilizungusha gurudumu lile kama anayemkaba mwizi. Mlinganishi alihesabu kwa sauti, kidole kimoja baada ya kingine, na kwenye kidole cha ishirini na tano ubao wa lango ukang'oka wote ukatoka.

"Bado sita!" Bwana Tosiri akapiga kelele.

"Lango limekwisha, Bwana."

"Vidole sita havijafunguliwa, Kibwana!"

Tulimwacha na vidole vyake sita. Maji yaliufuata mfereji wa mawe unaozunguka Bondeni, yakinguruma, na shubiri ile ikawa mkono, na mkono ukawa mikono miwili. Alhamdulillahi, ukuta ulisimama.

Tuliporudi, maji yalikuwa kifundoni. Vyungu thelathini na saba vilikuwa vimerudi kuwa udongo, tena udongo wa kila mtu. Bibi Mwatumu alikuwa kitandani, mkavu, anaelea kimawazo tu.

"Hewa?" akatuuliza.

"Bado haijatoka, mama," Bi Rehani akajibu, akaketi chini ndani ya maji yale yale, akacheka mpaka akalia.

"Basi itoeni kwa ndoo. Iko chini ya kitanda changu."

Mfereji ule unapita nyuma ya Idara ya Hewa. Maji yaliingia ofisini mpaka kiunoni, yakafungua makabati bila kuomba ufunguo. Chombo cha kupimia mvua kilipatikana kesho yake shambani kwa mtu, kifuniko kimekaza, ndani kikavu kabisa.

Siku kumi na mbili zilizofuata jua lilirudi kana kwamba halikuwahi kuondoka. Mvuke ulipanda kutoka kwenye tope, asubuhi ukungu mzito, mchana tope likawa jiwe. Hakuna tone jingine lililoanguka. Kibwana alirudisha ubao wa lango, asiuguse tena, kama ilivyoamriwa.

Tarehe thelathini na moja watu wote walikusanyika mbele ya Idara kusikiliza taarifa. Ukuta wa ofisi ulikuwa na mstari wa tope sawa na kiuno cha mtu mzima. Bwana Tosiri alisimama mbele ya mstari ule, akasoma.

"Mwezi wa Jua umekuwa na joto la kiasi, upepo wa kiasi, na mvua ya kikombe kimoja kila siku, bila kukosa. Hewa ilikuwa ya kawaida."

Watu wakapiga makofi. Akaendelea kusoma kwamba Idara, kwa hekima yake, imeiokoa Bondeni, na kwamba tangu sasa kila tarehe kumi na tisa ya kila mwezi lango litang'olewa lote, mvua inyeshe isinyeshe, na siku zilizobaki litafungwa kabisa. Makofi yakazidi. Kibwana hakupiga. Alimtazama shemeji yake, na mimi nikamtazama. Sote watatu tulikuwa tunawaza jambo moja: mvua haijui tarehe.

Bi Rehani akasogea mbele na ombi la saba.

"Bi Rehani," Mlinganishi akasema kwa upole, "umesikia mwenyewe. Ya kawaida. Siwezi kukupa kiwanja cha mlimani."

"Siombi cha mlimani, Bwana."

"Unaomba cha wapi?"

"Mimi nakaa chini kabisa. Kilele kiko juu kabisa. Chini na juu, ukijumlisha ukagawanya kwa mbili, unapata wapi?"

Bwana Tosiri alitazama bonde, akatazama kilele, akarudisha macho pale kati, penye nyasi fupi na miti michache. Uso wake ukabadilika. Nilidhani amekasirika, kumbe ameona aibu ya kweli.

"Kumbe nyinyi," akasema polepole, "miaka yote hii, mmekuwa mkiishi chini ya wastani?"

"Nyumba arobaini, Bwana," Bi Rehani akajibu, ameinamisha kichwa.

"Katika nchi yangu! Na hamkuniambia!"

Aligonga muhuri kwa nguvu hata meza ikaruka. Akaamuru wahamie katikati ya mlima, wote, leo leo, kabla nchi jirani hazijasikia.

Hatukungoja abadili mawazo. Kibwana na Bi Rehani walishika kitanda upande wa kichwani, mimi na jirani wa kanga tukashika miguuni, Bibi Mwatumu juu yake amejifunika shuka, anatoa amri. "Kibwana, unaninyanyua kama gunia. Mwanamke wa kigeni anabeba vizuri kuliko wewe." Tulipofika kwenye kona ya kwanza ya mwinuko tuliomba kupumua. Huko chini, nyumba baada ya nyumba, tulisikia mbao za vitanda zikigonga miimo ya milango, zikitoka.